Mrejesho: Seva za Team Fortress 2 zenye modi zimepatikana
Wiki iliyopita niliuliza kwa nini orodha ya seva zenye modi (marekebisho yaliyoongezwa kwenye mchezo) za mchezo wa kompyuta wa Team Fortress 2 hunijia tupu nikiwa hapa Mombasa. Nawashukuru nyote, hasa ndugu aliyenielekeza kwenye kichujio cha ucheleweshaji (muda wa mawasiliano kati ya kompyuta yangu na seva), kwani kumbe nilikuwa nimekiweka chini ya milisekunde 50, kiwango ambacho seva za Ulaya haziwezi kukifikia kutoka huku Pwani. Nilipokipandisha hadi 250 na kuandika increased_maxplayers kwenye kisanduku cha tagi (lebo za kutafutia seva), zikajitokeza seva za wachezaji zaidi ya 24, na jana usiku nimecheza saa nzima bila kukatika. Ushauri wa kuficha seva tupu umenisaidia nusu tu: nyingine hudai zina watu 20, nawe ukiingia unakuta ni roboti watupu. Hilo bado sijalipatia dawa.