MJADALA: Pointi za majaji wa MMA zitolewe kila raundi inapoisha

Wakuu, hili tulijadili bila ushabiki wa jina la mtu. Msimamo wangu: majaji wa MMA (mapambano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka) watoe pointi zao kila raundi inapokwisha, tusisubiri karatasi isomwe mwishoni wakati mambo yameshaharibika.

Turudi UFC 247 (UFC ni kampuni kubwa ya kuandaa MMA), Houston, Marekani, Februari 2020, bingwa Jon Jones na mpinzani wake Dominick Reyes. Huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, saa mbili imeshapita. Nilikaa na daftari, nikiandika raundi baada ya raundi. Tatu za mwanzo nikampa Reyes: mkono wake wa kushoto ulikuwa unafika, na bingwa muda mwingi anarudi kinyumenyume. Mbili za mwisho Jones, maana Reyes alishachoka. Mshindi wa raundi hupata 10, aliyeshindwa kwa kawaida 9, kwa hiyo kwangu 48-47, Reyes kashinda. Zikasomwa 48-47, 48-47 na 49-46, zote za Jones.

Hizo mbili za kwanza nazipinga, lakini walioziandika naweza kuwaelewa. Ila 49-46 maana yake ni kwamba jaji alimpa Reyes raundi moja tu kati ya tano. Moja! Kijana aliyeingia hajawahi kupoteza pambano. Ukianzia hilo, alipoteza manne mfululizo, na Jones akauachia mkanda Agosti ileile bila marudiano.

Wapo wanaosema ukitaka mkanda wa bingwa lazima umpige hadi kusiwe na ubishi. Sheria hiyo haipo. Jaji anaangalia kwanza mapigo na mieleka iliyoleta madhara; kushambulia na kutawala ulingo vinakuja pale tu hayo ya kwanza yanapolingana. Na kila raundi inasimama peke yake. Tatizo ni kwamba mfumo wa pointi 10 umetoka kwenye ndondi, ambako pambano la ubingwa lina raundi 12. MMA ni tatu, au tano kwa mkanda. Jaji akikosea moja, utaifidia wapi? Mwaka 2013 Johny Hendricks alimvimbisha uso bingwa Georges St-Pierre, akakosa mkanda kwa raundi ya kwanza tu, ambayo majaji wawili kati ya watatu walimpa bingwa.

Sisemi wanahongwa. Wanakaa pande tatu tofauti, mbele yao kuna wavu na nguzo, na mara refa anawakinga kwa mgongo. Nyota akirusha teke likapita hewani, ukumbi unalipuka kama vile limetua. Jaji naye ana masikio.

Najua nitaambiwa anayeongoza atakimbia raundi ya mwisho. Hata leo anakimbia, kwa kukisia tu. Jimbo la Kansas, Marekani, waliruhusu pointi za wazi (zinazotolewa kila raundi inapoisha) tangu 2020, na Invicta, kampuni ya MMA ya wanawake, wakazitumia. Hoja inayonipa shida zaidi ni ya jaji kuzomewa katikati ya pambano. Hiyo ni kweli, ndiyo maana naona zipelekwe kwenye kona mbili tu, yaani kwa makocha wa wapiganaji, skrini ya ukumbi iachwe.

Maana hesabu ya Houston inauma. Raundi ya nne na ya tano majaji wote walimpa Jones. Kwa hiyo Reyes alipoinuka kwenye kiti kwenda raundi ya tano, karatasi mbili zilikuwa mbili kwa mbili. Dakika tano zile ndizo zilizobeba mkanda, na kona yake haikuwa na namna ya kujua.

Mnaopinga, karibuni. Na mniambie raundi ya pili na ya tatu mlimpa nani, na kwa nini.