Sindano za kupunguza taya na makunyanzi: nilipe kwa yuniti, kwa eneo au kwa kichupa?

Zuhura_K
Habarini wakuu. Naomba msaada wa mahesabu. Nataka kupunguza upana wa taya, pamoja na makunyanzi ya paji la uso, katikati ya nyusi na pembeni mwa macho. Nimepewa makadirio matatu na hayalingani hata kidogo. Kliniki ya kwanza inatumia Botox (dawa ya kulegeza msuli) na inatoza kwa yuniti, yaani kipimo cha dozi. Ya pili inatumia Dysport, dawa ya aina hiyohiyo ya kampuni nyingine, inatoza kwa "eneo", ila ukiomba wanakutajia bei ya yuniti, nayo ni chini ya nusu ya ile ya Botox. Ya tatu inauza kichupa kizima na haijataja dawa gani. Nashawishika na hiyo ya pili. Nilinganishe vipi, na kwa mwaka mzima nijiandae kwa yuniti ngapi?

Mpima_Dozi
Anza kwa kuacha kulinganisha yuniti na yuniti. Yuniti ya Dysport si yuniti ya Botox, kila kiwanda kina kipimo chake. Tazama dozi ya lebo (iliyoidhinishwa na kuandikwa kwenye maelezo ya dawa) ya katikati ya nyusi: Botox yuniti 20, Xeomin (dawa nyingine ya aina hii) 20, Dysport 50. Kwa kawaida watoa huduma huhesabu yuniti 2.5 hadi 3 za Dysport kwa kila yuniti moja ya Botox.

Chukua namba za mfano tu. Yuniti ya Botox inauzwa 3, ya Dysport 1.2. Taya ikihitaji yuniti 50 za Botox, utalipa 150. Kwa Dysport utahitaji 125 hadi 150, yaani utalipa 150 hadi 180. Hiyo "chini ya nusu" imeyeyuka, na huenda ukalipa zaidi.

Dozi za lebo za Botox kwa sehemu ulizotaja: katikati ya nyusi 20 (pointi 5, yuniti 4 kila moja), pembeni mwa macho 24 (12 kila upande), paji la uso 20. Jumla 64. Paji la uso mara nyingi hupunguzwa hadi 10 au 12, hasa kwa mwenye nyusi zilizoshuka, kwa sababu msuli huo ndio unaozishikilia juu. Ukiulegeza wote, nyusi zinakuja chini na macho yanaonekana ya usingizi. Taya haimo kwenye lebo ya Botox huko Marekani, ni matumizi ya nje ya lebo, hivyo dozi hutoka kwenye uzoefu wa madaktari: 20 hadi 30 kila upande kwa wanawake wengi, wanaume wenye msuli mnene huenda hadi 40 au zaidi.

Bei ya "eneo" haina maana mpaka uambiwe eneo lina yuniti ngapi. Paji lenye yuniti 8 na paji lenye yuniti 20 kwenye tangazo yanaitwa jina moja. Anayekwepa swali hilo, mwache.

Sasa mwaka. Makunyanzi hudumu miezi 3 hadi 4, kwa hiyo ni mara 3 au 4 kwa mwaka: 64 mara 3 ni 192, mara 4 ni 256. Taya hudumu zaidi, mwaka wa kwanza mara 2 au 3, yaani yuniti 100 hadi 150. Wengi hudhani taya ndiyo itakayowafilisi kwa sababu dozi ya siku moja ni kubwa, kumbe makunyanzi ndiyo yanayokula zaidi. Na msuli wa taya ukishakonda, wengi huachia nafasi ndefu zaidi kati ya sindano. Paji la uso halikupi unafuu huo.

NesiChumbaNamba3
Mpima_Dozi kamaliza ya yuniti, mimi niongeze ya maji, maana huko ndiko pesa zinakopotelea bila mtu kujua.

Botox huja katika kichupa cha yuniti 50 au 100, Dysport 300 au 500. Ndani kuna utando mwembamba mkavu chini ya chupa, hata hauonekani vizuri. Huchanganywa na maji ya chumvi ya 0.9%. Kichupa cha 100 kikitiwa ml 2.5, kila ml 0.1 ina yuniti 4. Kikitiwa ml 5, ml 0.1 hiyohiyo ina yuniti 2. Mteja ataona bomba la sindano lilelile, pointi zilezile na tone lilelile, kumbe amepata nusu ya dawa. Baada ya wiki 6 msuli umeshaamka, na yeye anasema mwili wake "unazoea haraka".

Maji mengi peke yake si wizi ikiwa jumla ya yuniti ni sahihi. Tatizo ni kwamba dawa husambaa zaidi, na karibu na jicho hutaki isambae.

Maswali ni matatu: kichupa cha yuniti ngapi, mmetia ml ngapi, mimi nimedungwa jumla ya ml ngapi. Gawanya, zidisha, utapata yuniti zako. Kwa mchanganyiko wa ml 2.5 kwenye 100, yuniti 50 za taya ni ml 1.25. Bomba moja la ml 1 halitoshi.

Omba kifunguliwe mbele yako. Sindano ikitoboa kizibo, ombwe lililomo ndani huvuta maji lenyewe, unaona yanaingia bila kusukumwa. Yasipovutwa, kichupa hicho hutupwa. Pia hakitikiswi, huzungushwa taratibu. Kile cha tatu kisicho na jina la dawa usiguse kabisa. Aprili 2024 FDA (mamlaka ya dawa) na CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa) za Marekani zilitoa tahadhari juu ya Botox bandia baada ya watu kuugua, wengine wakalazwa na dalili za botulizimu, yaani sumu ya dawa hii kusambaa mwilini: kuona mbilimbili, kushindwa kumeza, kuishiwa nguvu.

Taya_na_Meno
Kabla hujalipia hata yuniti moja, hakikisha upana unatokana na msuli. Weka vidole juu ya kona ya taya, chini kidogo ya ndewe, kisha uma meno kwa nguvu. Kama kinavimba kigumu chini ya vidole na kulainika ukiachia, huo ni msuli maseta na sindano itafanya kazi. Kama hakuna kinachobadilika, upana ni mfupa, mafuta, au tezi ya mate iliyovimba, na hakuna idadi ya yuniti itakayousogeza. Hapo ndipo watu wanatupa pesa nyingi kuliko popote.

Usitegemee matokeo ya wiki moja pia. Nguvu ya kuuma hupungua ndani ya wiki 1 au 2, lakini uso huanza kukonda kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6, na kilele ni karibu mwezi wa 3, kwa sababu msuli unasinyaa polepole kwa kutotumika. Anayekurudisha wiki ya pili kukuongezea "kwa kuwa haijaonekana" anakuuzia dawa usiyohitaji.

Zuhura_K
Asanteni, nimejaribu hilo la kuuma meno, kinavimba kweli. Mawili yamebaki. Nikinunua kichupa cha 100 nikagawana na mtu, si itakuwa nafuu? Na kitu kikiharibika, gharama ya kurekebisha ikoje?

NesiChumbaNamba3
Lebo inasema kichupa ni cha mtu mmoja, na kikishachanganywa kikae nyuzi 2 hadi 8 na kitumike ndani ya saa 24. Kugawana nje ya utaratibu wa kliniki ni kujitafutia maambukizi. Ila kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini kliniki yenye wateja wachache ni ghali: mabaki yanatupwa, na wewe ndiye unayeyalipia. Kwako wewe taya pekee inamaliza kichupa cha 50 bila salio, hilo ni jambo la kuomba.

Mpima_Dozi
Kuhusu kuharibika: dawa hii haina ya kuiondoa, husubiriwa iishe. Kwa hiyo gharama kubwa ni ya muda.

Nyusi kuchongoka upande wa nje ni jambo dogo, yuniti 1 au 2 kila upande huzishusha. Uliza kama marekebisho ya siku ya 14 yamo ndani ya bei. Kabla ya siku hiyo usikubali kuongezwa, dawa haijafika kileleni. Kope kudondoka hutokea dawa ikifikia msuli unaoinua kope, kwa kawaida kwa kuchoma chini mno, ndiyo maana sindano hukaa sm 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho. Hurudi yenyewe baada ya wiki kadhaa. Matone ya apraclonidine 0.5% yanaweza kuinua milimita 1 au 2 wakati unasubiri.

Kwenye taya, pointi zote ziwe chini ya mstari wa kutoka ndewe hadi kona ya mdomo, na ziingie sm 1 nyuma ya ukingo wa mbele wa msuli. Ukisogea mbele unalegeza msuli unaovuta kona ya mdomo, tabasamu linakwenda upande. Ukipanda juu, shavu linabonyea chini ya mfupa. Kuna pia lile tuta linalotokea ukitafuna siku chache baadaye: sehemu ya ndani imelegea, ya juujuu bado inafanya kazi peke yake. Hutulizwa kwa yuniti chache zikichomwa juujuu pale panapovimba.

Taya_na_Meno
Ongezea: ukiwa na ujauzito, unanyonyesha, au una maiasthenia gravis (ugonjwa unaodhoofisha misuli), usichome. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asitumie Dysport. Na kama ngozi ya chini ya taya imeshaanza kulegea, msuli ukikonda ngozi itaning'inia zaidi. Omba nusu dozi kwanza, uone mwezi wa 3.