Mjadala: Simu na TV za watoto zizimwe saa 1 usiku?

Mwana wa Shangani: Wazazi wa Mtwara na Lindi, tukubaliane: saa 1 usiku mtoto hashiki simu wala haangalii TV, shule au likizo. Mtoto wa darasa la pili anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12. Kama anaamka saa 11 alfajiri, akilala saa 2 usiku ndiyo kwanza anapata 9. Na kioo kizimwe saa nzima kabla ya kulala, maana mwanga na katuni zote mbili zinafukuza usingizi. Shida ni huko mashambani, msimu wa korosho mtoto anapewa simu kama anavyopewa uji.

Mnewala Halisi: Saa 1 nakuunga mkono. Hiyo ya uji ungeiacha. Unajua kwa nini mtoto anabaki nyumbani? Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ya mikorosho, ili ishike na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Inawasha macho, inabana kifua. Wa miaka 4 tumpeleke humo? Afadhali simu.

Mtu wa Kilwa: Mbona mnatunga sheria zenu? Shirika la Afya Duniani lilishasema saa 2 kwa siku kwa watoto wote, 2018 kama sikosei. Mnunulieni miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, yaishe.

Bi Ligula: Hapana, mdogo wangu. Ni Aprili 2019, na ni kwa walio chini ya miaka 5. Kabla ya miaka 2 kioo hakishauriwi kabisa, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mwongozo wa 2020 wa miaka 5 hadi 17 ulisema wapunguziwe kioo bila kutaja saa, ila ulitaka wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia na kucheza. Hiyo miwani usiwapotezee watu pesa. Macho yanawasha kwa sababu mtoto akikodolea simu hapepesi, na ameibandika puani. Ikae sentimita 40, na kila dakika 20 aangalie mwembe ulio mita 6 kwa sekunde 20. Kinachopunguza hatari ya kutoona mbali ni kuwa nje mchana kwa muda wa kama saa 2 hivi. Kombolela inatosha.

Fundi wa Mtanda: Naona wengi wanaweka Family Link, programu ya Google ya mzazi kudhibiti simu ya mtoto, kisha wanasema haifanyi kazi. Inadhibiti akaunti ya mtoto. Akishika simu ya mama, yenye akaunti ya mama, kikomo hakimgusi. Kile kipima muda cha programu kwenye mipangilio nacho hakiombi namba ya siri, mtoto anakifuta. Kwa simu ya mama fanya hivi: pakua video mbili tu, futa nyingine, zima data. Ingia mipangilio, usalama, washa kubandika programu (app pinning, simu inabaki kwenye programu moja tu) pamoja na kuomba namba ya siri wakati wa kutoka. Fungua video, ibandike, mpe. Kukata bando peke yake ni bure kama simu imejaa katuni zilizopakuliwa.

Mwana wa Shangani: Mnewala, salfa ni ya katikati ya mwaka. Oktoba mnaokota, salfa hakuna, mbona simu bado iko mkononi mwa mtoto?

Mnewala Halisi: Oktoba kila mkono unatakiwa shambani. Korosho ikilala chini na bibo lake halafu mvua ikaipiga, inashuka daraja la pili. Wewe mshahara wako haupangiwi madaraja, ndiyo maana unatuhesabia saa.

Mwana wa Shangani: Usiniingize mshahara, kaka. Nimeuliza habari ya usingizi wa mtoto.

Mama Masasi: Wote mnasema "simu ya mama". Baba akirudi anawasha TV chumba kilekile wanacholala watoto. Hiyo mnaibandika kwa namba ipi? TV ihamishiwe chumba cha wakubwa, na kama chumba ni kimoja, izimwe saa 1 kwa wote.

Mwana wa Shangani: Dada, taarifa ya habari ni saa 2 usiku.

Mama Masasi: Redio nayo inaisoma.