Masizi kwenye mwembe na mlimau, pamba nyeupe kwenye mpapai: nipige dawa gani?

Uani_Kisauni
Assalaam aleikum jamani. Nyuma ya nyumba kuna mwembe wa ngowe wa kama mita 4, mlimau na mpapai. Majani ya mwembe na mlimau yamejaa masizi meusi, ukipangusa kwa kidole yatoka. Mpapai una kitu kama pamba chini ya majani na shingoni mwa mapapai. Embe nazo zikianza kuiva zina funza. Dawa ya wadudu imeshapigwa mara mbili: bomba la lita 16, vifuniko viwili vya dawa, maji ya kisima, na kijiko cha sabuni ya unga ili ishike. Masizi yako pale pale na majani ya mlimau yameungua ncha. Niongeze iwe vifuniko vitatu? Kuna kuku uani, na jirani huanika nguo karibu na ukuta.

Mtunza_Miche
Waaleikum salaam. Usiongeze hata tone.

Masizi si mdudu. Ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yanayotolewa na wadudu wanaofyonza majani: vidugamba, vidung'ata (ndio hiyo pamba ya mpapai wako), nzi weupe. Dawa ya wadudu haiuondoi ukungu huo, na hata wadudu wafe wote leo, weusi utabaki mpaka mvua iuoshe au majani mapya yatoke. Kwa hivyo usipime kazi ya dawa kwa kutazama masizi. Geuza jani la mwembe uangalie mshipa wa katikati: vidugamba ni kama magamba ya kahawia yaliyobandikwa. Kwaruza kimoja kwa ukucha. Kikitoa majimaji, ki hai. Kikipukutika kikavu, kimekufa. Hicho ndicho kipimo, na ukifanye siku tatu nne baada ya kupiga.

Kuungua kwa mlimau kuna washukiwa watatu, na wote umewataja au umewaficha: sabuni ya unga (ina magadi makali, si ya mimea), maji ya kisima, na pengine saa ya kupiga. Visima vingi vya hapa pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi pia. Chokaa hushikana na sabuni ikawa mabonge, na baadhi ya dawa, kama malathion, huvunjika upesi ndani ya maji ya namna hiyo. Jaribu: tia maji kwenye chupa safi, matone machache ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, utikise. Povu likisimama, sawa. Yakibaki maji ya maziwa na utando unaoelea, tumia ya mfereji au ya mvua.

Kwa miti mitatu mimi singeanza na dawa kali. Mafuta ya mwarobaini ml 5 kwa lita moja ya maji, na sabuni ya maji laini ml 1 hadi 2. Koroga mafuta na sabuni kwanza kwenye kikombe cha maji vuguvugu, ndipo umimine kwenye bomba. Ukitia mafuta moja kwa moja yataelea, mti wa mwisho upate mafuta matupu uungue. Changanya utakachomaliza siku hiyo, kesho hakina nguvu.

Mpapai ni mwepesi kuungua. Piga majani mawili tu, ngoja siku mbili, ndipo uendelee. Kabla ya hapo ipige ile pamba kwa maji ya mpira yenye nguvu. Nta nyeupe ndiyo ngao ya kidung'ata na mayai yake. Dawa ikimiminwa juu ya nta huteleza tu. Rudia baada ya siku 7, mara tatu, kwa kuwa mayai hayafi na watoto hutoka kwa zamu.

Bomba_Mgongoni
Naongezea kuhusu kipimo, maana "kifuniko" ndicho kinachowaponza wengi. Vifuniko si sawa: kimoja chachukua ml 5, kingine 10, kingine hata 25. Nunua sirinji ya ml 20 kwa duka la dawa, uiandike "SUMU" kwa kalamu ya wino usiofutika, isirudi jikoni. Lebo ikisema ml 20 kwa lita 20, hiyo ni ml 1 kwa lita. Mwembe wa mita 4 hula lita 5 hadi 8 ukipiga sawa sawa, kwa hivyo huna haja ya kujaza bomba. Dawa isiyo na namba ya PCPB (bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu) kwenye lebo, au iliyofunguliwa ukapimiwa kwenye chupa ya soda, iache dukani. Tazama pia utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, haina kazi uani penye watoto na kuku.

Kabla ya dawa, piga maji matupu. Ikivuja kwenye mpini au chini ya tangi, badilisha raba. Hapo ndipo dawa humwagikia mgongoni. Pua ya bomba ikiziba, isugue kwa mswaki wa zamani. Usipulize kwa mdomo! Fungua mpaka itoke kama ukungu mwembamba, elekeza chini ya majani, ukianzia ndani ya mti kwenda nje. Majani yakianza kudondosha, acha, kinachodondoka ni hasara.

Piga kuanzia umande ukikauka hadi kama saa tatu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujashika. Mwambie jirani usiku wa kabla, aanue nguo. Kuku ndani ya banda, maji yao yafunikwe, kisima pia. Mwembe ukiwa na maua, usipige dawa ya wadudu, wanaochavusha watakufa na embe hazitashika.

Mavazi: mikono mirefu, miwani, buti, suruali nje ya buti. Ukipiga juu ya kichwa, mkono wa shati uingie ndani ya glavu, ama dawa itateremka hadi kwapani. Leso mdomoni haikingi, hunyonya dawa ikakaa puani. Na muguka (yale majani ya kutafuna) uache ndani ya nyumba.

Uani_Kisauni
Shukran sana. Mwembe una majimoto (sisimizi wa mitini) wengi, nao niwapige?

Shamba_Mtwapa
Hapana, japo wengine watabisha. Majimoto huwasaka wadudu wengi na huwafukuza nzi wa matunda. Kweli huwalinda vidugamba kwa sababu ya utamu, kwa hivyo kata matawi yaliyojaa vidugamba, umalize kazi, majimoto wabaki.

Funza wa embe hawafikiwi na dawa, wamo ndani ya nyama. Nzi hutaga chini ya ganda. Ule mtego wenye chambo cha methyl eugenol (harufu inayowavuta nzi wa matunda) hunasa madume tu, kwa hivyo peke yake hautoshi. Okota embe zilizoanguka kila siku, uzitie kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko kinachobana, iwekwe juani wiki mbili, au uzike futi mbili. (Vitabu husema mfuko mweusi wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Kenya 2017.) Embe zikifika ukubwa wa yai, zile unazozifikia zivishe mfuko wa karatasi. Funza akiwa ndani ya kokwa, huyo ni fukusi, si nzi.

Zamu_ya_Usiku
Moja tu: mtu akipata dawa mwilini, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi. Akiwa ameimeza, msimpe maziwa wala kumtapisha. Jasho jingi, mate yakimtiririka, mboni zimekuwa ndogo: hospitali mara moja, na chupa ya dawa iende naye ili daktari asome lebo.

Chupa ikiisha, isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba yapigwe kwenye mti ule ule, kisha itobolewe chini. Isiyotobolewa, kesho utaiona imetiwa mafuta ya taa.