Basotu na Kolo kwa siku moja: jibu kwa ndugu mtakaokuja Dodoma likizo ya Desemba

Ndugu zangu wapendwa,

Nawasalimu kutoka Dodoma, ambako jua limekuwa kali na kila mtu anatazama mawingu akingoja mvua. Nimepata swali la shemeji aliyeko Ujerumani, na siku mbili baadaye dada zangu walioko Uingereza wakaniuliza lile lile kwa maneno yao: mkija na watoto, je, inawezekana kuondoka Dodoma alfajiri, kwenda kuliona Ziwa Basotu lililomo ndani ya kreta ya volkano huko Hanang, kupitia Kondoa na kuitazama michoro ya miambani ya Kolo, kisha kurudi kulala nyumbani usiku huo huo? Jibu langu ni hapana. Naomba mnivumilie nieleze sababu zake, kwa maana niliwahi kuijaribu safari hiyo nikiwa na wageni waliotoka mbali kama ninyi, na wageni wale hawakuonyeshwa ipasavyo hata sehemu moja kati ya hizo mbili.

Kinachowapotosha wengi ni ramani. Mtu akiitazama akiwa ughaibuni anaona Kondoa, Babati na Katesh zimejipanga kwenye barabara ya lami, naye anapiga hesabu ya mwendo wa barabara kuu za huko aliko. Ni kweli kwamba barabara ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwezi Aprili 2018, imebadilisha maisha yetu, kwani wale mlioondoka zamani mnaikumbuka ilivyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, basi likikwama na abiria wakishuka kusukuma. Lakini lami hiyo inakatiza vijiji vingi, na katika kila kijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, askari wa usalama barabarani wakiwa na tochi zao za kupimia mwendo, na ng'ombe wakivuka kwa wakati wanaoutaka wao. Dodoma hadi Kondoa ni kilomita zinazokaribia 160. Kolo iko kilomita 20 hivi mbele ya Kondoa. Kutoka hapo mnaendelea hadi Babati, mnageuka magharibi kwenda Katesh, na mkifika Katesh mmeshatembea zaidi ya kilomita 300, huku Basotu ikiwa bado iko mbele yenu kwa kipande kirefu cha barabara ya udongo.

Safari ile yetu tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kolo tulikaa muda wa kulipa kiingilio, kupanda mbio hadi kwenye pango la kwanza na kushuka, kwa sababu dereva alikuwa akitazama saa na mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza. Basotu tulifika jua likiwa limekwisha kuzama. Mjomba wangu, mzee ambaye hakuwa amekanyaga nchi hii kwa miaka mingi, alisimama ukingoni akaniuliza, "Maji yako wapi?" Nilimwonyesha weusi uliokuwa chini yetu. Tulirudi usiku kucha kwa uchovu wa hatari, na nilijilaumu kwa muda mrefu, kwa sababu mzee yule hakupata nafasi nyingine ya kuja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwenye siku moja tu aende Kondoa na Kolo, na Basotu aiache. Anayetaka kuliona ziwa alale Katesh usiku mmoja, kisha arudi kwa njia ya Singida.

Niseme kwanza juu ya Kolo, maana naona wengi wenu mnaichukulia kama mahali pa kupitia tu mkielekea ziwani, wakati ndiyo hazina kubwa zaidi tuliyo nayo katika kanda hii. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na eneo lake lina mapango na miamba isiyopungua 150 yenye michoro, iliyotawanyika kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Ofisi ya mambo ya kale iko kijijini Kolo, kando ya barabara kuu. Hapo ndipo mnapolipia na kupewa mwongoza wageni, na hairuhusiwi kupanda bila yeye. Kutoka ofisini hadi chini ya mlima ni kilomita 9 za njia mbovu yenye mawe na makorongo, na baada ya hapo mnapanda kwa miguu. Mwinuko ni mkali lakini si mrefu, na mtoto wa miaka minane anaupanda vizuri akiwa na viatu vya kufunga. Bibi mwenye magoti mabovu abaki Kondoa mjini apumzike.

Mkifika juu, msikimbilie kupiga picha. Kaeni kimya kidogo hadi macho yazoee kivuli, kwa sababu mwanzoni mtaona mwamba mtupu wenye madoa, kisha taratibu watu wataanza kujitokeza. Ni watu wembamba wa rangi nyekundu ya kahawia, miili yao mirefu kama fito, na vichwa vyao vina nywele zilizotuna kama vilemba vikubwa. Sogeeni karibu bila kugusa, muone jinsi mistari ya ndani ya mwili ilivyopitishwa mmoja kando ya mwingine, myembamba kama njiti ya kiberiti, na hakuna mahali ambapo mkono ulitetemeka. Wapo tembo, wapo twiga, wapo pofu. Michoro hiyo myekundu ni kazi ya wawindaji wa kale, na wataalamu wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi Chemba na wanazungumza lugha yenye sauti za kugonga ulimi. Ile myeupe, minene, iliyopakwa kwa vidole na mara nyingine kuwekwa juu ya ile myekundu, ilikuja baadaye pamoja na wakulima. Mary Leakey na mumewe Louis, watafiti wa mambo ya kale, walifanya kazi kubwa ya kuinakili michoro hii mwaka 1951, na nakala hizo zimekuwa na thamani kubwa kwa kuwa baadhi ya michoro imefifia tangu wakati huo.

Imefifia kwa jua na mvua, lakini pia kwa mikono yetu. Kuna wageni waliozoea kumwagia mwamba maji ili rangi ikolee kwenye picha, na kila tone linalotiririka huondoka na sehemu ya kazi ya maelfu ya miaka. Wako pia waliochimba chini ya mapango wakitafuta dhahabu wanayodai Wajerumani waliifukia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mashimo yao mtayaona. Nawasihi mzungumze na watoto kabla ya kufika: hakuna kugusa, hakuna maji, hakuna kuandika jina.

Jambo jingine ni kwamba pango kuu, liitwalo Mungomi wa Kolo, bado ni mahali pa ibada. Warangi wa eneo hilo hupanda kuomba mvua na kuwatibu wagonjwa, kama walivyofanya wazee wao, na mnaweza kukuta dalili za matambiko hayo. Msiziguse, msiulize kwa sauti ya kebehi, na kama mwongozaji atasema leo tusiingie upande fulani, basi msiingie. Nasema haya kwa sababu nimemsikia kijana wetu mmoja aliyekulia nje akiuliza mbele ya wazee kama watu "bado wanaamini haya mambo", na niliona jinsi nyuso zilivyobadilika.

Kondoa mjini, mkishuka, mtapata chakula cha mchana cha maana: kuku wa kienyeji, ugali, mlenda kwa wanaoupenda, na asali ya kununua kwa ajili ya nyumbani. Mji wenyewe una historia ndefu ya misafara ya biashara, na mwezi Mei 1916 ulikuwa uwanja wa mapigano makali, wakati majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalipowashambulia askari wa Afrika Kusini waliokuwa wameuteka mwezi uliotangulia. Kati ya Kolo na Kondoa waonyesheni watoto ardhi. Makorongo yale makubwa mekundu yalikuwa yameigeuza sehemu hii kuwa jangwa, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Watu walipata uchungu mkubwa kuachana na ng'ombe wao. Majani na miti mnayoiona leo pembeni mwa makorongo hayo yana gharama ambayo wazee wa Kondoa waliilipa.

Sasa ziwa. Eneo la Basotu lina mashimo kadhaa ya aina moja: miamba iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini, ikakutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla na kulipuka, na pakabaki shimo lenye ukingo mfupi ambalo baadaye lilijaa maji. Ndiyo maana mtu anayefika hapo haoni mlima unaofuka moshi kama alivyotarajia. Anaona tambarare, kisha tambarare hiyo inakatika, na maji yako chini. Mlima mnaoutafuta kwa macho ni Hanang, volkano ya kale yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na chini yake liko Ziwa Balangida, ambalo ni la magadi na chumvi na wakati wa kiangazi huwa jeupe kama unga uliomwagwa. Maji ya Basotu hayana chumvi ya namna hiyo, na kwa hiyo watu huvua samaki na kunywesha mifugo hapo. Watoto wasiogelee, kwa sababu ya kichocho.

Mlale Katesh, muondoke asubuhi na mapema kwenda ziwani wakati mwanga ni mzuri na upepo haujaanza. Mtapita penye mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, na mtawakuta wafugaji Wabarabaig, ambao sehemu ya malisho yao ndiyo iliyogeuzwa mashamba hayo. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Saa sita muwe mmerudi Katesh, mchukue barabara ya Singida, na kutoka Singida mpite Manyoni na Bahi hadi Dodoma. Njia yote hiyo ni lami, na mtakuwa mmezunguka duara badala ya kurudia mlikotoka.

Lipo jambo moja la Desemba ambalo siwezi kulipita haraka. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wenyeji wanaishi na kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo kama mvua itakuwa imenyesha mfululizo kwa siku mbili au tatu, safari ya Basotu tutaiahirisha bila mjadala, na hata ya Kolo tutaiangalia upya, kwa kuwa zile kilomita 9 za mwisho haziwezekani kwenye tope kwa gari la chini. Pesa ya nyumba ya wageni ikipotea, na ipotee.

Kuhusu gari, kodini lililo juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wake. Wale mliozoea kuendesha upande wa kulia msijaribu barabara hii siku ya pili baada ya kutua, hasa jioni, wakati baiskeli na mifugo havina taa. Mtakaofikia Dar es Salaam njooni kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024, nami nitawapokea stesheni.

Kuhusu malipo, viwango vya raia na vya wageni ni tofauti sana. Mwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA aje nacho, na watoto wenye pasipoti za nje wahesabiwe kama wageni tangu mwanzo ili msije mkabishana na mtumishi wa ofisi asiye na mamlaka ya kubadilisha sheria. Malipo ya serikali hufanywa kwa kontroli namba, yaani namba maalumu ya malipo, kwa hiyo nitayalipa kwa simu yangu, nanyi mtanirudishia.

Ninachohitaji kutoka kwenu kabla ya tarehe 5 Desemba ni idadi ya watu, umri wa watoto, na kama kuna anayeumwa kifua au magoti. Mniambie pia wazi kama mna siku moja au mbili, maana nyumba nzuri za wageni za Katesh ni chache, na nitawapigia simu wenye nyumba hizo wiki hiyo hiyo.