Makocha wa kupunguza uzito, acheni kutuita waongo kilo za mwisho zinapogoma

Wakuu, salamu kwenu.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Uzi huu ni wa wale mlioshapungua sehemu kubwa, zimebaki kilo tatu, nne au tano, na mizani imegoma. Na zaidi ni wa makocha wa mtandaoni wanaochukua pesa zetu, halafu mwili ukipunguza kasi wanatuambia tunadokoa.

"Unadokoa." Hilo ndilo neno lililoniwasha. Kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia, kila mmoja amelipa ada ya mwezi. Sheria ni kwamba asubuhi, kabla hujanywa hata maji, unapanda kwenye mizani, unapiga picha namba ionekane na miguu yako ionekane, unaituma kundini. Kocha anapita akiweka alama. Umepungua, unapewa moto. Namba imebaki palepale, unapewa msalaba mwekundu. Imepanda, anakutumia ujumbe wa sauti, tena kundini, kila mtu asikie: "Wewe wa sitini na sita, jana usiku ulikula nini? Mwili haudanganyi, anayedanganya ni wewe." Mtu mzima, mama wa watu, anasemeshwa hivyo mbele ya watu asiowajua, na amelipia kusemeshwa. Ukipata misalaba mfululizo unatolewa kundini na ada hairudi.

Mimi sidokoi. Unga naupima kabla ya kusonga. Mafuta ya kupikia hayamiminwi kutoka kwenye dumu, yanapimwa kwa kijiko cha mezani, kwa sababu kijiko kimoja tu ni kalori kama 120. Chai nakunywa kavu. Chapati niliziacha, na mnaojua chapati za kwetu zinavyokunywa mafuta mtaelewa maana ya kuziacha. Jioni natembea mpaka fulana inaloa. Nimetoka kilo 78 hadi 66, presha imeshuka hadi daktari akanipunguzia dawa. Nilitaka kufika 62. Hapo kwenye 66 ndipo mwendo ulipobadilika: inashuka nusu, kesho inarudi, keshokutwa inapanda, wiki inaisha hakuna kitu. Na hapo ndipo nilipogeuzwa mwongo.

Sasa tuongee hesabu, maana hesabu ndiyo waliyotunyima.

Kuna kanuni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wa lishe huitumia kukadiria mwili unatumia nishati kiasi gani ukiwa umepumzika. Chukua mwanamke wa miaka 36, urefu sentimita 160. Akiwa na kilo 78 mwili wake unatumia kama kalori 1,440 kwa siku bila kufanya chochote. Weka na shughuli za kawaida za mtu asiyefanya kazi ya nguvu, inafika kama 2,015. Akishuka hadi kilo 66, hesabu ileile inatoa kama 1,850. Kwa nini? Kwa sababu mwili mdogo unakula kidogo. Hakuna kilo 12 za kubeba tena ngazini, hakuna kilo 12 za kulisha usingizini.

Sasa huyo mwanamke anakula kalori 1,600 kila siku, hajabadilisha kitu. Mwanzoni pengo kati ya anachotumia na anachokula lilikuwa kalori 415 kwa siku. Sasa ni 250. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kuwa kalori 7,700. Gawanyeni wenyewe. Kilo iliyokuwa inaondoka kwa siku 18 au 19, sasa inahitaji mwezi mzima. Chakula kilekile, mazoezi yaleyale, nidhamu ileile. Kilo nne zilizobaki ni miezi minne, tena zaidi, kwa sababu kila kilo inayoondoka inapunguza pengo tena.

Na hiyo ni hesabu ya upole. Mwili unaopungua huwa unabana matumizi hata kupita kiasi cha uzito uliopotea. Njaa inaongezeka, na mtu anajikuta anatembea kidogo na kukaa zaidi bila kujua. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito kwa kasi. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, lakini miili yao bado ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wale walipungua kwa fujo, sisi wa kawaida hatufiki huko, ila mwelekeo ni huohuo. Kocha anayetoza ada anapaswa kulijua hili kuliko sisi tunaomlipa. Kama halijui, anafundisha nini? Kama analijua, mbona anatutukana?

Halafu hiyo picha ya kila asubuhi. Hii inaniuma kuliko yote.

Kilo moja kwa mwezi ni kama gramu 33 kwa siku. Mizani nyingi tulizonazo nyumbani zinasoma kwa hatua za gramu 100. Maana yake hata kama umefanya kila kitu sawasawa, mizani yako inahitaji siku tatu kabla haijaweza kuonyesha badiliko dogo kabisa inaloweza kuonyesha. Wakati huohuo maji ya mwilini yanapanda na kushuka kwa kilo nzima, hata mbili. Kula pilau yenye chumvi kwenye shughuli ya Jumamosi, Jumapili mwili umeshika maji. Fanya mazoezi mazito ya miguu, misuli inashika maji siku kadhaa ikijiponya. Kula wanga zaidi ya jana, mwili unaweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni inakaa na maji gramu tatu hivi. Na wanawake tunaokaribia siku zetu tunajua jinsi miguu na tumbo vinavyojaa. Kwa hiyo gramu 33 za mafuta zimeondoka kweli, lakini zimefunikwa na kilo moja ya maji, na kocha anatoa hukumu juu ya maji. Watu wanalia asubuhi, wanakwenda kazini wamevunjika moyo, kwa ajili ya maji!

Mimi siku hizi najumlisha namba za wiki nzima nagawanya kwa saba, halafu nalinganisha na wastani wa mwezi uliopita. Na nina futi ya fundi cherehani, napima kiuno. Kiuno kimepungua wakati mizani ikiwa imekaa palepale. Nilipomtumia kocha vipimo vya kiuno alijibu kwamba hayo ni maneno ya wavivu.

Kwenye dawa sasa. Mtu akikwama, kocha hamfundishi kitu, anamuuzia chai. "Chai ya kusafisha", pakiti moja ni karibu sawa na ada ya mwezi. Nimeishika pakiti hiyo mkononi. Mbele kuna picha ya tumbo bapa na majani ya kijani. Ukigeuza nyuma, chini kabisa, kwa herufi ambazo nililazimika kuzipiga picha na simu ili nizikuze, kuna orodha: tangawizi, mchaichai, na sanamaki. Sanamaki! Yale majani ambayo bibi zetu wa Pwani wanampa mtu aliyefunga choo. Ni dawa ya kuendesha tumbo, basi. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, huko chini, wakati kalori za chakula chako zimeshanyonywa juu kwenye utumbo mdogo. Kinachotoka ni kinyesi na maji. Mizani inashuka kilo kesho yake, kocha anaweka moto, kundi linashangilia, na mafuta yako yote yapo palepale. Ukiacha chai maji yanarudi, unaambiwa umedokoa, unanunua pakiti nyingine.

Na si hasara ya pesa tu. Kuharisha kila siku kunaondoa potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Kundini yupo dada mwenye presha ambaye anameza vidonge vya kukojoza maji, na baadhi ya vidonge hivyo navyo vinaondoa potasiamu. Alieleza wazi kwamba anavitumia. Kocha akamjibu kwamba chai ni mimea asilia, haina madhara. Nikaandika palepale amuone daktari kwanza. Ujumbe wangu ukafutwa.

Asiyetaka chai anaambiwa ashuke hadi kalori 800. Jamani, kalori 800 ni kiwango ambacho hospitalini mtu huwekwa kwa uangalizi, anapimwa, ana sababu. Mtu wa kilo 66 mwenye nyumba, kazi na watoto unamwambia aishi kwa kalori 800 kwa sababu kilo nne zimechelewa? Kupungua haraka namna hiyo kunakula misuli, kunaongeza hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo, na baada ya miezi miwili mitatu nywele zinaanza kubaki kwenye kitana. Misuli ikipungua, mwili unatumia kidogo zaidi, na umekwama vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Hata sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa kila kona siku hizi nazo zina mwisho wake. Jaribio kubwa la semaglutide, mojawapo ya dawa za sindano hizo, lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha watu wamepungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na kuelekea wiki ya 60 mstari ulikuwa umeshaanza kulala. Watu walikuwa bado wanachoma sindano kila wiki, na walikwama. Hao nao walikuwa wanadokoa?

Jambo jingine: nani alisema lazima nifike 55? Mimi nilisema 62, kwa sababu kwa urefu wangu hapo nakuwa chini ya 25 kwenye BMI, kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, ambapo 25 kwenda juu ni uzito uliozidi. Kocha akanipangia 55 bila kuniuliza chochote kuhusu presha yangu wala umri wangu. Madaktari wanasema mtu mwenye uzito uliozidi akipungua asilimia 5 hadi 10 tu, presha na sukari vinaanza kuwa vizuri. Mimi nimepita hapo zamani. Hizi kilo nne ni za kwangu, nazitaka kwa hiari yangu, na nina haki ya kuzichukulia mwaka mzima.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu ya mwanzo:

Mkuu uliyeandika "kula nusu, kimbia mara mbili", asante, ila hukusoma. Rudi kwenye hesabu.

Dada uliyeuliza mimi nafanya nini sasa: nimeongeza protini, yaani maharage, dagaa, mayai, samaki wa bei ninayoiweza, maana inashibisha na inalinda misuli. Mara kadhaa kwa wiki nanyanyua vitu vizito, nyumbani kwangu ni madumu ya maji, sina hela ya jimu. Karanga naweka kwenye kibakuli kidogo badala ya kula kutoka kwenye mfuko, kwa sababu gramu 100 zinavuka kalori 550 na mkono hauhesabu. Usiku nalala mapema. Mwendo ni wa kobe, lakini wastani wa mwezi huu uko chini ya mwezi uliopita.

Kaka uliyesema wengine kweli wanadokoa: sawa, wapo. Watu wengi tunakadiria chakula chini ya tulichokula, hilo linajulikana. Basi kocha akae na mtu faragha, amsaidie kupima mafuta na unga wiki moja, aone. Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Kumuanika mtu mbele ya watu mia haijawahi kumsaidia mtu kupima mafuta, inamfundisha tu kula akijificha na kukaa na njaa usiku kabla ya kupima. Kuna waliokuwa wanakataa hata maji kuanzia magharibi ili asubuhi picha iwe nzuri. Kwa joto la Dar!

Mliouliza jina la kocha, simtaji hapa. Pakiti ya chai ninayo, naipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, waitazame.

Kocha, najua unapita humu, maana kuna mtu ameshakuambia. Waliotolewa kundini kabla mwezi haujaisha warudishie ada zao. Ule ujumbe wangu ulioufuta urudishe. Na yule dada mwenye presha bado anakunywa hiyo chai, leo asubuhi ametuma picha ya mizani na umempa moto. Mpigie simu umwambie aiache, leo hii, kabla ya picha ya kesho.