Mgombea urais wa CCM: kwa nini wanachama tusipige kura matawini?

Mchokonozi: Wakuu, nirudie hata kama mtanichoka. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu uliitwa Dodoma kujaza nafasi ya makamu mwenyekiti. Tukashtukia umeshampitisha na mgombea urais, fomu hazijatolewa. Walau 2015 watu 38 walirudisha fomu. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu watatu, ukumbi ukatoa mmoja. Mimi nina kadi miaka ishirini na kitu, sijawahi kuulizwa. Mbona mgombea asipigiwe kura tawini? Hawa wajumbe ukiwapa sahani ya pilau na nauli wanasahau kwao.

Bi Mkubwa Tanga: Nimefika hapo kwenye pilau nikaweka simu chini. Mwanangu, 2015 nilikuwa mle ukumbini. Tumetoka Tanga alfajiri, njiani tumekula wali maharage umepoa kwenye mgahawa, na nimelipa mwenyewe. Pilau uliiona wapi?

Kijiwe Nongwa: Kwa hiyo bibi kinachokuuma ni kwamba pilau haikufika 😂

Bi Mkubwa Tanga: Wewe sikujibu.

Mwalimu Mstaafu: Turudi kwenye hoja. Mfumo wa wajumbe si mbaya, wameuharibu watu. Mkutano mkuu wa Chimwaga, Dodoma, 1995 wa kumpata mgombea urais ilikuwa kura kweli kweli, Mkapa akaongoza mwanzo mwisho.

Kumbukumbu: Mwalimu, shikamoo, ila hapo umeteleza. Duru ya kwanza aliongoza Kikwete, 534 kwa 459 za Mkapa, Msuya 336. Ya pili ndo Mkapa akatoka na 686, Kikwete 639.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Basi ndo nilichosema, kura kweli kweli.

Kumbukumbu: Sicho ulichosema, Mwalimu, ila yaishe.

Kamanda wa Kata: Nyie endeleeni kuhesabiana kura za Chimwaga. Chama chenu kina mwenyewe, hata mkipiga kura chooni.

Kijiwe Nongwa: Kamanda, nyamaza kabisa. 2015 ninyi Chadema mlimpokea Lowassa, aliyekatwa CCM, tarehe 28 Julai, tarehe 4 Agosti mgombea wenu. Wiki moja! Mtu mliyemsoma kwenye orodha ya mafisadi, mkutanoni Mwembeyanga, Dar.

Kamanda wa Kata: Ile ilikuwa mbinu.

Kijiwe Nongwa: Mbinu ya wiki moja. Dk. Slaa, katibu mkuu wenu aliyeondoka kwa ajili ya Lowassa, naye alikuwa mbinu?

Mkenya Halisi: Ndugu zangu, msidhani tawini ndiko salama. Huku kwetu 2017 Jubilee ilifuta mchujo siku ya kwanza, karatasi za kura hazikutosha. Na huo ni wa magavana na wabunge. Urais bado tunaenda uwanja wa Kasarani kumpigia makofi mtu tunayemjua tayari.

Mchokonozi: Afadhali karatasi ziishe kuliko zisichapwe. Narudia swali: tawini au ukumbini?

Bi Mkubwa Tanga: Kabla ya tawini, futa neno lako la pilau. Mwaka ule wa 2015 nilimpa kura Balozi Amina, mmoja wa wale watatu. Walikuwa 253 tu waliompa, na mimi nimo. Sijapewa hata soda.

Kijiwe Nongwa: Sawa, 253 hawakununuliwa. Wale 2,104 wa Magufuli je?

Bi Mkubwa Tanga: Usinitie maneno mdomoni. Wengine walikuwa na hasira, jina la mtu wao limekatwa juu. Si waliimba mbele ya mwenyekiti kwamba wana imani na Lowassa? Ukishakatiwa wako unampa aliyebaki. Hiyo utaiita pilau?

Mchokonozi: Mama, hapo ndo umenisaidia hoja yangu! Mkasi uko juu, ninyi mnaletewa mabaki.

Bi Mkubwa Tanga: Mabaki?! Sasa mimi nakula mabaki?

Kumbukumbu: Mchokonozi, kaka, ungemwomba radhi tu kwenye pilau.

Mchokonozi: Samahani mama. Wali maharage.

Kamanda wa Kata: Uliopoa.